Bi Sindano Akwea Magofu

Kuna maneno mtu huyasema akiwa ameshiba, na shibe ikipungua hayakumbuki tena. Mwenyekiti aliyasema ya kwake sebuleni kwake baada ya kula, akichokonoa meno, ndugu zake wote wamemzunguka. Aliinua kidole kuelekea dirishani, ambako kilima cha magofu kilionekana juu ya mapaa ya mji.

"Mama," alisema, "siku utakayofika kwenye ule mnara kwa miguu yako mwenyewe, siku hiyohiyo nakurudishia ufunguo wa nyumba yako. Hawa hapa mashahidi."

Wakaangua kicheko. Mke wake peke yake hakucheka, maana alikuwa akikusanya sahani na alimwona mama mkwe wake usoni.

"Wote mmesikia?" mama akauliza.

"Tumesikia, Mama," wakajibu, wangali wanacheka.

"Haya. Ahadi ni deni."

Mtaa mzima ulimwita mama huyu Bi Sindano. Alikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi. Wengine walisema jina lilitokana na cherehani na wengine walisema lilitokana na mdomo, na wote walikuwa sahihi. Kiharusi kilimwangusha jikoni kwake akiwa peke yake, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mwanawe mkubwa alipopita kumsalimia baada ya kufunga duka. Alipona, lakini mguu wa kushoto ukabaki unaburuta, na mkono wa kushoto ukawa unafanya kazi siku unayotaka wenyewe.

Mwanawe huyo ndiye ambaye wadogo zake walimbandika jina la Mwenyekiti, kwa sababu hata kikao cha kuamua rangi ya pazia lazima akiendeshe yeye. Alimhamishia mama kwake, akampa chumba cha nyuma chenye kitanda kipya, runinga na kengele ya kubonyeza akihitaji kitu. Nyumba ya mama akaifunga, ufunguo akauunganisha na funguo zake za dukani. Mama alipewa kila kitu, jamani, isipokuwa ruhusa. Akisimama, mtu anasema kaa. Akikaa, mtu anamtia mto mgongoni. Akitaka kuchemsha chai yake mwenyewe, nyumba nzima inapiga mbio kama moto umewaka. Bi Sindano alisema hadharani kwamba kule si kutunzwa, ni kuzikwa na runinga.

Basi wao wakadhani mzaha umekwisha na sahani. Ng'o! Tangu siku ile mama alifanya mazoezi ya viungo kama mwanajeshi. Kule zahanati mtaalamu alimwambia apande ngazi mara kumi, yeye alipanda mpaka mtaalamu mwenyewe akamwomba apumzike. Mkwe wake ndiye aliyempeleka na kumrudisha, na aliyaona yote, ila alinyamaza. Siku moja walipotoka mazoezini, mama akafunga mlango wa gari, akajifunga mkanda, akasema, "Leo hatuendi nyumbani. Nipeleke magofuni."

"Mama, mwanao ataniua."

"Hatakuua. Anakuogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Washa gari."

Getini palikuwa na mwanamke mkata tiketi, na juu ya kichwa chake kibao kilichosema kwamba ni marufuku kwa mgeni yeyote kutembea ndani bila mwongozaji. Makundi yalitoka kila mara, lakini makundi hayamngoji mtu. Mkata tiketi alimtazama mama, akautazama mkongojo, akatoa tabasamu lile la huruma ambalo Bi Sindano alikuwa amelichoka kuliko dawa.

"Mama, pale kivulini kuna benchi," alisema. "Na ukutani kuna picha nzuri sana za mnara. Ni kama umefika."

"Binti yangu, picha nimeziacha nyumbani. Nipe mwongozaji wa peke yangu."

Akapewa Redio. Jina lake la kuzaliwa wenzake walikwisha kulisahau, maana mtu huyu akishawashwa hazimiki. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia pana na viatu vilivyolika nyuma. Visigino vililika kwa sababu Redio alikuwa na mtindo wake wa kazi: alitembea kinyumenyume. Tangu getini hadi mnarani, uso kwa wageni na mgongo kwa njia, akisimulia. Alijisifu kwamba visigino vyake vinayajua mawe yale kuliko macho ya watu wengine. Siri yake, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba alipimia njia kwa hadithi. Sentensi fulani ilimfikisha kwenye kona, mzaha fulani ulimfikisha kwenye kizingiti. Alizisimulia zilezile kila siku, kwa mwendo uleule, na hakuwahi kujikwaa.

"Karibu, bi mkubwa!" alisema. "Mteja mmoja, mwongozaji mmoja. Leo wewe ndiye malkia wa mji huu."

"Malkia gani wa kutembea kwa mkongojo? Twende, kijana, jua halitungoji."

Mkwe akabaki getini, akiuma kucha.

Walipita lango la kwanza, kuta zake nene kiasi kwamba mtu angelala kwa kujinyoosha ndani ya unene wake. Redio alimwonyesha birika la maji lililochimbwa mwambani, lenye ngazi za kushuka na mstari wa kijani ulioachwa na maji yaliyokauka zamani za kale. Alimwonyesha ghala la nafaka lenye matundu ya kupitisha hewa. Bi Sindano alikwenda kwa utaratibu wake: mkongojo, mguu mzima, halafu ule mwingine anauvuta kama mtoto asiyetaka shule. Alitoka jasho. Redio alipunguza mwendo, na kwa kuwa mwendo ulipungua, hadithi nazo akazirefusha, akaongeza vita ambavyo havikupiganwa na mahari ambazo hazikulipwa.

Wakafika jumba la mfalme. Paa hapana, lakini kuta zilisimama, na ndani yake vidaka vya taa vilivyopangwa sambamba. Nyuma kabisa palikuwa na chumba kidogo, safi, chenye dirisha moja la juu.

"Hiki," Redio akasema, akishusha sauti kwa heshima, "kilikuwa chumba cha mama yake mfalme. Alipendwa sana. Alilala kwenye kitanda cha pembe, alikuwa na watumishi wa kumlisha na wa kumpepea. Hakukosa kitu."

Bi Sindano aliukagua mlango. Pande zote mbili za fremu ya jiwe palikuwa na matundu ya kupitishia komeo, na matundu yale yalikuwa upande wa nje.

"Komeo likifungwa na nani?"

"Na walinzi, bi mkubwa. Kwa usalama wake."

"Aliwahi kutoka?"

Redio akakuna shingo. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mgeni yeyote. "Historia haisemi."

"Historia haina haya," Bi Sindano akasema. "Twende juu."

Hasira zilimpanda kweli. Alimwonea uchungu mwanamke yule aliyekufa zamani kama vile alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na uchungu ule ukamshukia mguuni ukawa nguvu. Ngazi za mnara zilianzia hapohapo nyuma ya jumba: mawe mapana, yaliyochakaa katikati, yamepanda ubavuni mwa kilima wazi bila ukingo upande mmoja, mpaka kwenye baraza la kupumzikia, na kutoka barazani mpaka juu kabisa.

Kwa ngazi za kwanza Redio alikuwa na hadithi yake kubwa kuliko zote, ya mfalme wa mwisho aliyekwea akifukuzwa na maadui. Siku zote mfalme alipofika juu na kutupa taji lake bondeni, kisigino cha Redio nacho kilikanyaga baraza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini siku zote wageni walikwea kwa miguu mizima. Leo mfalme alifukuzwa, akakwea, akajificha, akalia, akaaga wake zake mmoja mmoja, na Bi Sindano angali katikati ya ngazi akihema. Redio akaishiwa. Mtu hawezi kuongeza wake milele. Mfalme akatupa taji, na visigino vya Redio, vilivyozoea kusikia kuliko kuona, vikaamini vimefika.

Akarudi nyuma kwa madaha, unyayo bapa, kama mtu anayekanyaga sakafu ya baraza. Hapakuwa na baraza, palikuwa na ngazi nyingine. Kisigino kikagonga jiwe, kofia ikaruka, Redio akakaa kitako kwa kishindo, kifundo cha mguu kimepinda chini yake.

"Mama yangu wee!"

"Mama yako hayupo, niko mimi," Bi Sindano akasema. "Usisimame. Nyoosha mguu."

Kifundo kilikuwa kinavimba waziwazi. Redio alijaribu kukikanyaga, akapiga yowe, akakaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinyamaza. Alipopata pumzi alisema, "Basi, bi mkubwa, ziara imeishia hapa. Nitaita getini waje watushushe."

"Wakushushe wewe. Mimi nakwenda juu."

"Huwezi! Hairuhusiwi kwenda bila mwongozaji. Umesoma kibao."

"Nimekisoma. Kimesema niwe na mwongozaji, hakikusema mwongozaji awe na miguu. Wewe si Redio? Redio husikika ukiwa mbali. Kaa hapo uniongoze."

Redio alifungua mdomo kubisha, lakini mama alikwisha kumpita.

Aliikamata ngazi inayofuata. Upande wa ukuta aliegemea bega, upande wa bonde hakuangalia. Hofu alikuwa nayo, nani asingekuwa nayo? Mara mbili mguu wa kushoto uligoma kabisa, akaushika gotini kwa mkono mzima na kuuinua mwenyewe, akauweka juu ya jiwe kama anaweka kikapu.

"Kushoto kwako kuna alama za mikuki!" Redio akapaza sauti kutoka chini. Kazi ni kazi.

"Nimeziona!"

"Jiwe linalofuata linatikisika, likwepe! Kanyaga la pembeni! Hapo barazani pumzika, ndipo mfalme alipotupa taji!"

"Muongo wewe, alilitupa kule chini ulikoanguka!"

Wageni waliokuwa jumbani wakatoka kutazama. Haijawahi kuonekana ziara ya namna ile, mwongozaji amekaa kitako anapiga kelele, na mteja, mwanamke wa makamo aliyepinda upande mmoja, anamjibu kwa kelele kubwa zaidi. Mtu mmoja alipiga makofi, Bi Sindano akamkemea kwamba hapa si sarakasi.

Huku getini mkwe alikuwa amevumilia vya kutosha. Alipomwona mama mkwe wake peke yake pale juu, kama nukta ya nguo ya bluu ukutani, alimpigia mumewe simu. Duka lake la vifaa vya ujenzi halikuwa mbali. Mwenyekiti alilipita lango bila tiketi na bila mwongozaji, mkata tiketi akimkimbilia nyuma, na alipofika chini ya ngazi mama yake alikuwa ameshika ukuta wa mnara kwa viganja viwili, juu kabisa, mahali ambapo pamebaki anga tu.

Bi Sindano hakushangilia. Alilia. Alilia kwa hasira, kwa miezi yote ya mito mgongoni, na kwa furaha pia, zote zikiwa zimechanganyika na kamasi. Akajifuta kwa mkono wa nguo, akageuka.

"Mama!" Mwenyekiti alipiga ukelele. "Usisogee! Baki hapohapo! Nakuja kukubeba!"

"Thubutu!"

"Bosi," Redio akasema kutoka kwenye jiwe lake, bila kuulizwa, "aliye juu mngoje chini."

Mwenyekiti alimtazama kwa jicho ambalo lingekausha nguo, akaanza kupanda. Alipofika karibu naye, mama alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Alimnyooshea mkongojo kifuani.

"Umekuja kubeba mtu?"

"Ndiyo, Mama, tafadhali."

"Vizuri. Mbebe yule pale, amevunjika mguu kwa ajili yangu. Mimi nina njia yangu."

Mwenyekiti alibembeleza, akatisha, akaapa, akataja daktari, akataja marehemu baba. Mama alitia pamba masikioni. Kila alipopanda ngazi moja, mkongojo ulimrudisha. Mwishowe akashuka, uso umemvimba, akainama, Redio akampanda mgongoni na kofia yake. Na nyuma yao, ngazi kwa ngazi, akiburuta makalio kwenye mawe kama mtoto anayejifunza kushuka kitandani, Bi Sindano alishuka mnara wa wafalme mbele ya watu wote. Gauni lilichanika. Kiganja kilichubuka. Redio, mgongoni, aliendelea kumwelekeza jiwe la kukwepa, na kila wakati Mwenyekiti alipotaka kugeuka kumtazama mama yake, Redio alimvuta sikio aangalie mbele asije akawaua wote wawili.

Chini walimketisha Redio kwenye benchi la kivulini, mkata tiketi akampelekea maji. Redio alimshika Bi Sindano mkono, akasema kwa miaka yake yote ya kazi hajapata kumwongoza mtu vizuri namna ile. Mama akamwambia apone haraka, na apunguze wake wa mfalme.

Mwenyekiti aliwaendesha kurudi mjini. Mkewe alikaa kiti cha nyuma. Wa kwanza kusema alikuwa mama.

"Nimefika mnarani."

"Umeshuka kwa makalio, Mama."

"Kushuka hukukutaja. Ulisema kufika."

"Yalikuwa maneno tu! Mzaha! Mtu anaweza kusema kitu nyumbani kwake!" Akaupiga usukani. "Ile nyumba nimekwisha kuipatia wapangaji. Wanaingia mwisho wa mwezi. Nilikuwa nakutafutia namna ya kukwambia."

Mkewe akashika mdomo. Hata yeye hakulijua hilo.

Wakafika kwenye njia panda. Kulia ni kwa mwanawe. Kushoto, mbele ya duka la dawa na kinyozi, ni mtaa wake. Mwenyekiti akawasha taa ya kulia, akasimama kungoja magari yapite. Mama akafungua mlango, akautoa mguu mmoja, akauvuta wa pili, akasimama barabarani.

"Mama! Ingia ndani! Utagongwa!"

Mama akaanza kutembea. Kushoto. Mkongojo, mguu mzima, mguu wa kuvutwa, gauni limechanika nyuma na vumbi la wafalme limemjaa.

Mwenyekiti angefanya nini? Angembeba kwa nguvu mchana kweupe, mbele ya kinyozi? Akakata kushoto. Alimfuata nyuma kwa gari, taa za dharura zikimweka, mwendo wa konokono, na nyuma yake foleni ikajipanga ikipiga honi kama msafara wa harusi. Watu wakatoka madukani. Wateja wa zamani wakamtambua. "Bi Sindano! Bi Sindano amerudi!" Mwanamke mmoja alitaka kumshika mkono, akakataliwa kwa adabu. Mkwe naye akashuka garini, akatembea nyuma ya mama mkwe wake, hatua chache, bila kumgusa.

Mlangoni kwake mama aliegemea ukuta. Miguu yote miwili ilikuwa inatetemeka, hata ule mzima, na hakuificha. Mwenyekiti alishuka, akasimama mbele yake, fungu la funguo mkononi, na ghafla yule mwendesha vikao vyote hakuwepo tena.

"Mama, mimi ndiye niliyekukuta," alisema. "Hawa wengine hawajui. Ulikuwa umelala pale jikoni, macho wazi, huwezi kuita. Nikikuacha humu, kila asubuhi nitaamka nikikuona pale chini. Sitaweza. Ukianguka tena je?"

Bi Sindano alimpenda mno mwanawe, na hakurudi nyuma hata kidogo.

"Nitaanguka," alisema. "Sikudanganyi, mwanangu, nitaanguka tena. Na wewe utakuja, utanikuta, utaumia. Lakini utanikuta nyumbani kwangu, na chai yangu jikoni, nimeichemsha mwenyewe. Pale kwako nilikuwa nimekwisha kuanguka, ila mlinilaza kwenye kitanda kizuri, ndiyo maana hamkuona."

Foleni kule nyuma ilikuwa bado inapiga honi. Mwenyekiti alifuta uso kwa kiganja, akatafuta katika funguo zake, akakosea wa kwanza, akakosea wa pili. Mlango ulipofunguka, ndani palinuka vumbi na vitambaa, naye akasogea pembeni ili mama yake atangulie.